Maswali ya Wasomaji: Mkia wa mawimbi usioisha

SWALI: Tunaiga kwa kompyuta mtikisiko wa tetemeko la ardhi katika bonde la udongo laini, ili kukadiria hatari kwa majengo. Kasi ya mawimbi ya S (yanayoitikisa ardhi kiupandeupande) kwenye tabaka la juu ni mita 250 kwa sekunde, na gridi yetu, yaani nukta za hesabu, ina nafasi ya mita 100 kati ya nukta na nukta. Grafu zina vimawimbi vinavyoendelea muda mrefu baada ya mtikisiko mkuu. Je, ni mwangwi wa bonde, yaani mawimbi yanayodunda ndani ya bonde lenyewe?
Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma

JIBU: Huenda, ila anzeni kuishuku gridi. Katika udongo huo wimbi la hezi 1 (mtikisiko mmoja kwa sekunde) lina urefu wa mita 250, nanyi mmelipatia nukta mbili na nusu tu. Tukitaka nukta nane kwa kila wimbi, gridi ya mita 100 inaaminika hadi hezi 0.3 hivi. Juu ya hapo kompyuta huyachelewesha mawimbi mafupi; yanaachwa nyuma, yanajipanga, na mkia unaotokea hufanana mno na mwangwi halali.

Rudieni kwa gridi ya mita 50. Mkia ukibadilika, si wa bonde. Gharama yake si ndogo: visanduku mara 8, hatua za muda mara 2, hivyo hesabu mara 16. Kompyuta ikielemewa, pimeni kipande kidogo tu. Kisha panueni kingo za modeli. Vimawimbi vikichelewa zaidi, vilikuwa vinadunda ukingoni.

Msije mkapandisha kasi ya udongo hadi mita 500 ili kuokoa muda. Wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo tathmini inapoharibika. Chukueni Mexico City, 1985. Tetemeko lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini kwenye udongo wa ziwa la kale mtikisiko ulikuwa takriban mara tano ya ule wa kwenye mwamba. Udongo wa mita 40 wenye kasi ya mita 80 hutikisika kwa kipindi (muda wa mtikisiko mmoja) cha mara nne ya unene kugawa kwa kasi, 4 × 40 ÷ 80, yaani sekunde 2, na majengo ya ghorofa nyingi, ambayo huyumba kwa kipindi cha karibu na hicho, ndiyo yaliyoumia zaidi. Wekeni 500 badala ya 80: mnapata sekunde 0.3, na modeli inawatisha wenye nyumba fupi huku ikiyaacha maghorofa.

Hata mkirekebisha yote, modeli inayoishia hezi 0.3 haisemi lolote kuhusu nyumba ya chini ya matofali, inayotikisika kwa hezi 5 hadi 10. Sehemu hiyo ya mitikisiko ya haraka ikadirieni kwa kanuni zilizotokana na rekodi za seismometa (vipima mitetemo ya ardhi), kisha iunganisheni na matokeo ya modeli.