Barua kwa mwanangu: mkwe wako na bunduki ya kustaafia

Mwanangu Idrisa,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakusalimu. Juzi kwenye simu mtandao ulikata kabla sijakujibu. Uliniambia baba wa mkeo anastaafu mwezi wa sita, kapania kutoa sehemu ya mafao yake anunue bunduki awe mwindaji, na wewe umetumwa uniulize anunue ipi. Jibu fupi ni kwamba mwaka huu asinunue yoyote. Lakini kuwinda, awinde. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu ukimfikishia hilo jibu fupi peke yake atasema sisi upande wa mume tunambania raha zake.

Kazi ya mwindaji ni kutembea. Siku nzima ya kufuata nyayo kwenye msitu wa miombo inaweza kuwa kilomita kumi na mbili au kumi na tano, kwenye jua, na mwishoni risasi ni moja au haipo kabisa. Mtu aliyekaa ofisini miaka thelathini anaanguka kwenye miguu kabla hajafika kwenye shabaha. Kwa hiyo aanze na daktari: presha, sukari, moyo, na macho pia, aangaliwe kama mtoto wa jicho ameanza. Kama anatumia dawa za presha zile zinazomfanya akojoe sana, amwulize daktari azinyweje siku za safari, maana dawa hizo pamoja na joto la Oktoba humkausha mtu mpaka anapata kizunguzungu akisimama ghafla. Porini ahesabu lita nne za maji kwa siku, na pakiti za chumvichumvi za kuzuia kukaukiwa, moja kwa lita moja ya maji, asizikoroge kwa kukisia.

Kisha wiki kumi na mbili za mazoezi. Mwezi wa kwanza atembee nusu saa mara tano kwa wiki, tambarare. Wa pili saa moja, na mgongoni kilo tatu. Wa tatu kilo sita hadi nane, milimani. Yeye yuko Morogoro, ana bahati: njia ya kupanda Morning Side kwenye Uluguru inamtosha kabisa. Mwambie aangalie zaidi namna anavyoteremka. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi hurudi. Kuteremka ndiko kunakovunja magoti ya wazee, kwa sababu misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku ikivutika. Fimbo mbili za kutembelea zinapunguza mzigo huo sana, asione aibu. Buti avae hizohizo za safari, zipite kifundo cha mguu, na ziwe na nafasi ya kidole nyuma ya kisigino akisukuma mguu mbele. Buti jipya linalovaliwa siku ya kwanza porini linamaliza safari siku ya pili.

Wakati miguu inajengwa, ajifunze kusoma ardhi. Hii haina leseni wala haina ada, na kwangu ndiyo nusu ya utamu wote. Unyayo husomwa asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli ndicho kinachouonyesha. Asimame mahali ambapo unyayo uko kati yake na jua. Akisimama upande uleule wa jua, alama zinapotea machoni hata kama ziko wazi. Umri wa unyayo uko kwenye kingo zake: kingo kali na udongo wa ndani wenye rangi tofauti na wa nje, ni wa karibuni. Ukiona vijia vya wadudu vimepita juu yake, au matone ya umande yametoboa ndani yake, mnyama alipita usiku. Mavi yanavunjwa kwa kijiti; yakiwa na unyevu katikati ilhali juu yamekauka, saa zimepita, lakini si siku. Na aache kutazama miguuni pake: wenye kazi yao hutazama hatua tano au kumi mbele.

Upepo nao. Kifuko kidogo cha kitambaa kilichojaa majivu ya kuni, anakigonga, majivu yanaonyesha hewa inaelekea wapi. Asubuhi mapema hewa imetulia. Ikifika saa tatu au saa nne, ardhi imepata moto, upepo unaanza kuzunguka, na hapo swala anakunusa kabla hujamwona. Ndiyo maana wawindaji wengi hupumzika mchana, si uvivu.

Sasa hiyo bunduki. Mzee wa miaka sitini ana tatizo ambalo kijana hana: jicho lake haliwezi tena kuona sawasawa kitu cha karibu na cha mbali kwa pamoja. Bunduki yenye kilengeo cha chuma inamtaka aone vitu vitatu, kilengeo cha nyuma, cha mbele na mnyama. Kimoja lazima kiwe ukungu. Darubini ndogo ya bunduki inaondoa shida hiyo kwa sababu alama na mnyama vinaonekana kwa umbali mmoja, na haihitaji kukuza sana. Miombo mtu hupiga mita sitini hadi mia moja na ishirini. Darubini ikikuza mno anaona manyoya tu, hajui ni bega au ni paja. Lakini iwekwe mbele ya kutosha, sentimita nane hadi kumi kutoka kwenye jicho. Ikiwa karibu zaidi, teke la bunduki litamchana nyusi, na mtu aliyechanika nyusi mara moja huiogopa bunduki mwaka mzima.

Na hapo ndipo wastaafu wanapokosea wanaponunua. Wanasikia nyati, wananunua .375, bunduki ya risasi nene yenye teke kali. Ni kweli kwa nyati wazoefu wanaihesabu hiyo kuwa ndiyo mwanzo, lakini mwanafunzi akianza nayo anajifunza woga. Kabla risasi haijatoka anafumba macho na kusukuma bega mbele, mtutu unazama, risasi inapiga chini. Kwa swala pala, tohe, ngiri, mpaka kuro, bunduki ya risasi nyembamba zaidi, .308 au .30-06, inatosha. Kupima woga huo ni rahisi: mwalimu ampakilie yeye, mara risasi ya kweli, mara ya mazoezi isiyo na baruti, bila kumwambia ipi ni ipi. Ikifyatuliwa ile isiyo na baruti na mtutu ukazama, ugonjwa umeonekana. Dawa yake ni kurudi kwenye bunduki ndogo na kuanza upya. Kuvumilia hakusaidii. Masikio yafunikwe kila mara, hata mlio mmoja tu bila kinga unaweza kuumiza kabisa, na umri wake hauna masikio ya kuchezea.

Kwa hiyo aanze kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, chini ya mwalimu, kwa bunduki ya hapohapo. Risasi tatu kwa mita mia, aache mtutu upoe, ndipo atazame. Asirekebishe darubini kwa kufuata risasi moja, afuate katikati ya zile tatu. Darubini nyingi, mdundo mmoja wa kitufe cha kurekebishia unasogeza risasi kama milimita saba kwa mita mia. Kundi likiwa sentimita sita kulia, ni midundo minane au tisa kwenda kushoto. Halafu aondoke mezani. Porini hakuna meza. Afanye mazoezi akiegemea miti mitatu iliyofungwa juu, kama wanavyobeba wafuata nyayo, akiwa amesimama na anahema kidogo. Siku atakapoweka risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya chai kwa mita themanini namna hiyo, ndiyo siku ya kuzungumzia ununuzi.

Karatasi nazipitia haraka kwa kuwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya itamweleza ada na utaratibu wa mwaka husika. Leseni ya silaha ni ya polisi, kibali cha kuwinda ni kingine, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kimoja hakimpi haki ya kingine. Kibali kinataja mnyama, idadi na eneo. Hifadhi za taifa haziwindwi. Amkwepe anayemwuzia safari kwa ramani ya zamani: sehemu kubwa ya pori la akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Twiga haguswi. Kuwinda usiku kwa taa bila ruhusa maalumu ni ujangili, hata kama kibali cha kawaida kiko mfukoni. Na kama anafikiria kuwapelekea ndugu zake wa Taveta nyama, asithubutu. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na hata huku kwetu nyamapori bila hati ni kesi.

Akianza, aanze na kanga. Bunduki ya marisau, yaani vigololi vidogo vingi, namba 12, marisau ya 5 au 6, umbali usiozidi mita thelathini na tano. Kanga hupenda kukimbia kuliko kuruka, na mgeni anashawishika kupiga kundi linalokimbia chini. Asifanye hivyo. Marisau yanatawanyika, anaua mmoja na kujeruhi wanne ambao atawapoteza majanini. Waharakishwe mpaka waruke, achague mmoja.

Kwa swala, asubiri asimame ubavu. Afuate mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini ya kifua, hapo ndipo. Wageni hupiga nyuma sana kwa sababu picha za vitabuni zimewazoesha nyuma ya kiwiko. Swala wa huku moyo wao uko mbele, katikati ya mabega, na upo chini. Akishafyatua apakie palepale bila kuondoa macho, ashike alama ya mti aliposimama mnyama, kisha akae. Dakika ishirini. Kukimbilia damu ndiko kunakopoteza wanyama wengi, maana aliyejeruhiwa akifuatwa mapema huamka na kwenda kilomita tatu, asipofuatwa hulala karibu. Damu yenyewe inasema: nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, yuko karibu. Nyeusi-nyekundu nzito ni ini au nyama. Ikichanganyika na ukijani na harufu ya matumbo, asubiri saa nzima au zaidi, na aweke karatasi ya chooni kila penye tone, ili akigeuka aone mstari wa njia. Aliyejeruhiwa na kupotea anahesabika kwenye kibali, na kama ni nyati ni hatari kwa kila apitaye, taarifa itolewe siku hiyohiyo.

Kuchinja kuzungumzwe kambini kabla ya kutoka. Mkwe ni Mkristo, najua, lakini wafuata nyayo wengi ni Waislamu na nyama wataila wao pia. Mpigaji Mwislamu husoma Bismillahi anapofyatua. Vinginevyo Mwislamu anamwahi mnyama angali hai amchinje. Kama mzee anataka kichwa cha kutundika ukutani, waelewane kisu kinapita wapi, maana shingo iliyokatwa vibaya inaharibu ngozi ya mapambo, na ugomvi huo ni wa zamani kuliko sisi.

Mnyama apasuliwe na kutolewa matumbo ndani ya saa moja, mchunaji akiwa na glavu. Mahali panapooza kwanza ni ndani kabisa, kwenye nyonga, ambako joto limezingirwa na mfupa. Apasue hapo hewa ipite, atundike kivulini penye upepo, si kwenye mfuko wa plastiki. Ya kukausha ikatwe vipande virefu kwa kufuata nyuzi, unene wa sentimita mbili, chumvi gramu ishirini hadi ishirini na tano kwa kilo, siki kidogo. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe hata kwa fimbo. Huenda kilichomuua ni kimeta, ugonjwa unaomwambukiza na binadamu.

Nguo ziwe rangi ya majani makavu. Buluu na nyeusi zinawaita mbung'o, wanaoeneza malale, na akiumwa na homa wiki kadhaa baadaye amwambie daktari alikuwa porini, wasimtibu malaria tu. Usiku asitoke hemani bila buti na tochi: nyoka kifutu hakimbii, hulala njiani akisubiri kukanyagwa. Akiuma, pete na saa zivuliwe, mguu usitikiswe, hospitali. Asikate, asifunge kamba.

Msimu bora kwa anayejifunza ni kuanzia Agosti, majani yakishaungua. Mwezi wa saba bado ni marefu, anasikia wanyama bila kuwaona. Kwa hiyo ana muda. Jumamosi hii mpitie asubuhi mpande naye Morning Side, umbebee maji lakini usimbebee mkoba. Mkishuka, usimwulize kama amechoka, atakwambia hapana. Mtazame anavyoshuka ngazi za nyumbani kwake Jumapili, halafu unipigie.

Msalimie mkeo na watoto.

Baba yako