Pete ya uchumba na pindo la kanga

Julai mwaka juzi tulipata msiba Lushoto, upande wa mchumba wangu. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nivishwe pete, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala kwa wakwe. Ukitoka Dar na joto lako ukafika Lushoto mwezi wa saba, baridi inakupokea stendi. Asubuhi ya pili niko nyuma ya nyumba na akina mama, tunaosha masufuria na sahani za watu zaidi ya mia, maji yanauma hadi kwenye mifupa. Nikaona pete inazunguka kidoleni kama ya kuazima. Vidole vilikuwa vimesinyaa kwa baridi. Nikaivua, nikaifunga kwenye pindo la kanga kama bibi yangu alivyokuwa akifunga hela zake, nikarudi kwenye masufuria.

Jioni mtoto mmoja akapitiwa na usingizi mkekani, nikavua ile kanga nikamfunika. Pete nilikuja kuikumbuka saa nne usiku.

Nilitafuta kwa tochi ya simu, kila aliyeniuliza nikamwambia natafuta kandambili. Kulipokucha mama mkwe akaniita chumbani, akafumbua kiganja. "Mwanangu, hii si yako?" Wifi alikuwa ameiokota kwenye mkeka, mtoto aliamka usiku, akakuta fundo, akalichezea mpaka likafunguka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakunisema. Alinipa pini tu, akatoka.

Tangu siku ile kila ninayempa kisa hiki naye ananipa chake: aliyeiacha juu ya sinki ya choo cha ofisini, aliyeifunga kwenye tishu na tishu ikaenda na takataka, aliyeitia mfuko wa suruali na suruali ikaenda kwa dobi. Sikiliza vizuri visa hivyo, vyote vinaanza na neno moja: "niliivua". Kuna pete zinazochomoka zenyewe, sikatai, lakini nyingi nilizosikia zilipotea katika ile "dakika moja tu".

Kwa hiyo mimi nimeipa pete yangu makazi mawili, kidole au kikombe. Kikombe ni kile kidogo cha kahawa, kiko juu ya kabati la vyombo, mbali na sinki na juu ya mikono ya watoto. Nikikanda unga wa chapati, iko kikombeni. Nikifua, nikipaka mafuta, nikienda kulala, ni huko huko. Nikiwa safarini kuna kipochi chenye zipu ndani ya mkoba, na kipochi hicho hakibebi kitu kingine, hata shilingi. Pindo la kanga nimeliachia hela. Na ikikutumbukia kwenye sinki usifungue maji tena: chini kuna bomba lililopinda, na kitu kizito mara nyingi hutua pale kwenye kona. Weka ndoo, fungua lile bomba, au mwite fundi.

Kuhusu kipimo, usipimwe kidole asubuhi ya baridi wala mchana umetoka kutembea juani. Pimwa mwili ukiwa umetulia, na pete ipite kwenye kiungo cha kidole kwa kusukumwa kidogo. Kama kiungo chako ni kinene na shina la kidole ni jembamba, sonara anaweza kukuwekea vipele viwili vya dhahabu upande wa ndani ili pete isizunguke. Yangu imewekewa, na Lushoto nimeshakwenda nayo tena Julai bila wasiwasi.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma kuliko hata kupotea, kwa sababu hili halina wifi wa kuokota. Pete yangu ina tanzanaiti. Mchumba alitaka kitu cha nyumbani, na tanzanaiti inachimbwa Mererani pekee duniani kote, chini ya Kilimanjaro, tangu ilipogunduliwa mwaka 1967. Mimi nikajua kitu adimu na cha bei lazima kiwe kigumu. Wapi! Kwenye kipimo cha ugumu wa madini almasi ni 10, yakuti ni 9, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Na vumbi letu la kila siku lina chembe za mchanga ambazo ugumu wake ni 7. Kila nilipotoka barabarani nikaifuta kwa upindo wa fulana ili ing'ae, nilikuwa naipiga msasa. Baada ya mwaka zile kona kali za kito zilianza kufifia, nami nikadhani ni uchafu, nikazidi kufuta.

Siku nilipoipeleka kwa sonara Kariakoo aliiangalia kwa lenzi, akanyamaza, kisha akauliza, "Dada, unabeba mtungi wa gesi ukiwa umeivaa?" Kulikuwa na kipande kimebanduka pembeni, kidogo kama punje ya sukari. Akanieleza kwamba tanzanaiti ina upande wake wa kupasukia, kama ukuni unavyofuata mishipa yake. Ukiigonga pale haihitaji nguvu nyingi. Haipendi pia kutolewa kwenye joto na kutiwa kwenye baridi ghafla. Na zile mashine za kusafishia vito kwa mtikisiko au kwa mvuke, zinazong'arisha almasi vizuri sana, hazifai kabisa kwa tanzanaiti. Kwa hiyo ukimpelekea fundi yeyote, hata wa kupunguza pete tu, mtajie jina la kito kabla hajawasha moto. Usimwachie akisie kwa rangi.

Mimi naisafisha kwa bakuli la maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji na mswaki laini wa mtoto, hasa chini ya kito, ambako mafuta ya kupaka na unga hujazana. Naisuuza kwenye bakuli jingine, si bombani. Naikausha kwa kitambaa safi kilicholainika. Basi.

Adui mwingine ni jiki. Dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu katika 24. Zile sita ni shaba, fedha na wenzao, na klorini inawashambulia hao. Haiharibu kwa siku moja. Inadhoofisha polepole zile kucha ndogo zinazoshika kito, mpaka siku moja ukucha mmoja unakatika na wewe huna habari. Maji ya bwawa la kuogelea nayo yana klorini, usidanganyike na weupe wake.

Kucha hizo nazikagua mwenyewe kila mwezi. Napitisha pete juu ya mtandio mwepesi. Ikinasa uzi, kuna ukucha umeinuka. Halafu naisogeza sikioni na kuitikisa taratibu. Nikisikia kitu kinagonga ndani, naivua hapo hapo na safari ni ya sonara. Hata kama iko kimya, mara moja kwa mwaka anaiona.

Kwenye daladala wengi hugeuza kito ndani ya kiganja ili wezi wasikione. Nilifanya hivyo mpaka nikagundua kwamba kila dereva akifunga breki nabamiza tanzanaiti kwenye chuma nilichoshika. Siku hizi bomba nashika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko ndani ya mkoba. Siku ya kwenda sokoni kwenye msongamano, pete inabaki kikombeni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama bado nimechumbiwa.

Tunza risiti na cheti cha kito, piga picha za pete pande zote na maandishi ya ndani kama yapo. Ukikata bima ya vitu vya nyumbani, waulize kama pete inatakiwa kutajwa peke yake na thamani yake, na kama inalipwa ikipotelea nje ya nyumba. Mara nyingi majibu hayafanani na unavyodhani.

Kile kipande kilichobanduka hakirudi. Sonara alikizungusha kito kidogo, akakificha chini ya ukucha mmoja, na usipoambiwa huoni. Wifi yangu naye hajasahau ya kwake. Nikifika Lushoto nimejifunga kanga, anashika pindo kwanza, ndipo anaitikia salamu.