Jicho langu linakimbilia kidoti, je ndo ugonjwa wa akili unaanza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mwanafunzi, niko Ujerumani mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita nilienda kwenye utafiti wa umakini, nikawekewa kidevu kwenye kishikizo, mbele yangu skrini na chini yake kamera inayofuatilia macho. Nikaambiwa kidoti kikitokea kushoto we angalia kulia, kikitokea kulia angalia kushoto. Nimekosea mara nyingi mpaka nikaona aibu, yaani najua kabisa sitakiwi kukiangalia ila jicho limeshafika. Tangu siku hiyo silali vizuri, manake nyumbani tuna mjomba anaumwa skizofrenia na nahisi ndo inaanza kwangu. Naomba unisaidie.
Msomaji, miaka 24

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kukosa usingizi. Kwanza kabisa shusha pumzi, kukosea kwenye jaribio hilo ni kawaida. Lililetwa na Peter Hallett mwaka 1978, na vijana wazima wasio na shida yoyote wanakosea kama mara 1 kati ya 5, wengine zaidi, na wengi hata hawajui kama wamekosea. We umejua, tena umekumbuka mpaka leo.

Nyoosha mkono uangalie ukucha wa dole gumba. Sehemu ambayo jicho linaona vizuri kabisa ni ndogo kama upana huo, kwingine kote ni ukungu ukungu tu, ndo maana macho yanaruka kama mara 3 kila sekunde bila we kujua. Ukitaka kuhakikisha simama mbele ya kioo, angalia jicho lako la kushoto halafu la kulia, rudia rudia, hutayaona yakisogea hata kidogo, lakini mwenzako aliyesimama pembeni anayaona vizuri tu. Sasa kitu kikichomoza ghafla jicho linakirukia lenyewe, na kulizuia halafu kulipeleka upande usio na kitu ni kazi ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, na kazi hiyo inachukua muda kidogo, ukichelewa hata punde jicho limeshaondoka. Hicho ndo walichokuwa wanakipima.

Kamera yenyewe haisomi mawazo. Inamulika jicho kwa mwanga wa infraredi ambao huuoni, kinatokea kinyota kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, halafu inapima kinyota kiko wapi ukilinganisha na katikati ya mboni, mashine nyingine hufanya hivyo mara 1000 kwa sekunde. Inajua jicho limetua wapi, basi. Akili inaweza kuwa kwingine kabisa, si umeshawahi kusoma ukurasa mzima macho yakipita kila mstari huku unawaza kodi ya chumba?

Kamera hiyo siidharau, ina faida kubwa hasa kwa wasioweza kujieleza. Uganda wameitumia kwa watoto wadogo waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI, mtoto anaonyeshwa sura aliyoiona na sura mpya, akikaa zaidi kwenye mpya wanajua ya kwanza anaikumbuka. Hajaulizwa neno hata moja!

Kuhusu mjomba sitakuficha, watu wenye skizofrenia wakipimwa kama kundi wanakosea zaidi, na wenye shida ya umakini hivyo hivyo. Lakini mwenye malaria hupata homa na si kila homa ni malaria, na hakuna daktari anayetaja ugonjwa wa mtu kwa vidoti peke yake. Waandikie watafiti uwaulize, ni haki yako, ila ujue wao wanatafuta wastani wa kundi, hawakuwa wanakupima we kama mgonjwa.

Usingizi ukiendelea kukukataa wiki hii na ijayo, muone daktari hapo ulipo na umtajie na mjomba, asiachwe nje ya maelezo.