Jibu: Waleye wengi Mille Lacs, kikomo kidogo

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini, ingawa ulinasa waleye (samaki wa maji baridi, kwa Kiingereza walleye) zaidi ya kumi asubuhi moja katika ziwa Mille Lacs, Minnesota, ulilazimika kuwarudisha karibu wote, na kama hao nao wanahesabiwa.

Wale wanaokadiriwa kufa baada ya kuachiwa wanahesabiwa. Mgawo wa mwaka, yaani kiasi cha waleye kinachoruhusiwa kutolewa ziwani, ambao jimbo hugawana na jamii 8 za Waojibwe, wenyeji asilia wa huko, wenye haki ya uvuvi kwa Mkataba wa 1837 kati yao na serikali ya Marekani, haki iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999, hupimwa kwa ratili, na vifo hivyo hukatwa humo. Mwaka 2015 jimbo lilikuwa na ratili 28,600 tu, na uvuvi wa waleye ukafungwa mwanzoni mwa Agosti.

Kwanza kabisa soma kanuni ya mwaka huu, kwa kuwa urefu unaoruhusiwa hubadilika, mara nyingine katikati ya msimu. Kisha tazama ndoano imekaa wapi: zamani nilikuwa nikiing'oa kwa koleo hata ikiwa imemezwa, mpaka siku moja nilipoona damu ikichuruzika kwenye matamvua, sasa nakata mshipi karibu na mdomo, samaki akiwa bado majini. Maji yakishapata joto vifo huongezeka, hivyo Julai mimi humwacha waleye kabisa.

Tena, kunasa wengi si lazima kumaanishe kwamba ziwa limejaa. Samaki wadogo anaowala wakipungua, waleye mwenye njaa huvamia chambo chochote.