Kabla hujajiandikisha kwa kilomita 200

Ukishaamua kwenda safari yako ya kwanza ya baiskeli ya kilomita 200, najua utakachofanya: utaanza kuhesabu kilomita za mazoezi na kuipigia hesabu miguu. Miguu ina haki yake. Ila kati ya wenzangu niliowaona wakijitoa njiani, waliokwamishwa na miguu ni wachache sana. Wengi waliangushwa na tumbo, makalio, viganja, au saa.

Nianze na saa, maana mgeni haambiwi mapema. Kwa kanuni za Audax Club Parisien, klabu ya Ufaransa inayosimamia safari hizi ndefu za baiskeli, kilomita 200 hupewa muda wa saa 13 na nusu, 300 saa 20, 400 saa 27, na 600 saa 40. Hakuna mshindi. Unapita vituo vya ukaguzi, kadi yako inagongwa muhuri, na ukifika ndani ya muda umefaulu. Sasa piga hesabu ya 600. Ukinyonga baiskeli kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, barabarani utatumia saa 30, zibaki 10 za kula, kulala na kuziba pancha. Zinaonekana tele. Lakini kawia dakika 40 katika kila kituo, na vituo viwe tisa: saa 6 zimeyeyuka, na kilicholiwa hapo ni usingizi wako. Kwa hiyo kusimama nako kufanyie mazoezi. Unapokaribia kituo uwe umeshajua utafanya nini: muhuri, maji, chakula, choo, ondoka. Mimi hujipa dakika kumi. Nimewapita wengi wenye kasi kuliko mimi wakiwa wameketi.

Tumbo lilinifunza kwa ukali. Safari yangu ya kwanza ya 400 niliiacha baada ya kilomita 270. Mchana jua lilikuwa kali, sikuhisi njaa, nikawa nakunywa tu. Usiku nguvu zilipokata nikajishindilia mlo mzito kwa pupa, na nusu saa baadaye nilikuwa kando ya barabara natapika, kisha hata maji hayakukaa. Niliumia moyo kwa wiki nzima. Tangu hapo hula kuanzia saa ya kwanza, kidogo kidogo, kiasi cha gramu 60 za wanga kila saa, njaa iwepo isiwepo. Kiasi hicho usikianze siku ya safari. Tumbo nalo hufundishwa, kwa hiyo anza na pungufu kwenye mazoezi uongeze polepole. Maji kunywa kwa kiu, na chumvi isikosekane. Kujijaza maji matupu kwa saa nyingi hushusha sodiamu mwilini, na hali hiyo huweza kuua.

Kuhusu siti: goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno, likiuma kwa nyuma, iko juu mno. Isogeze milimita chache tu, na wiki kadhaa kabla. Kidole kidogo na cha pete vikiingia ganzi, umeegemea usukani kupita kiasi, badilisha mshiko mara kwa mara. Ndani ya kaptula ya baiskeli usivae chupi, mishono yake itakuchubua.

Mazoezi yenyewe hayana siri: siku moja ndefu kila wiki, ukiirefusha taratibu. Ukimaliza 150 ukiwa bado una hamu ya kula, 200 unaziweza. Wiki ya mwisho pumzika zaidi.

Kwa safari za usiku, jizoeze kubadilisha tyubu gizani, na beba taa ya akiba. Na usingizi ukianza kukuvuta macho, usibishane nao wala usijiambie kituo kiko karibu. Shuka, toka kabisa barabarani, tega kengele ya dakika 20, lala.