Re: --idadi=12abc inapita kama 12, nifanyeje?

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako ya C inakubali --idadi=12abc na kuichukua kama 12, na ukiweka abc tupu inapata 0 bila kulalamika. Shida ni hiyo atoi (fanksheni ya C inayogeuza maandishi kuwa namba), haina njia ya kukuambia imeshindwa, 0 ya abc na 0 ya kweli zinafanana kabisa. Itupe, tumia strtol, inafanya kazi hiyohiyo ila inakuonyesha ikishindwa.

Sasa strtol nayo ina mitego yake. Weka errno (kigezo ambamo C huacha alama ya kosa) = 0 kabla ya kuiita maana strtol yenyewe haiifuti, halafu ipe pointa, tuiite mwisho, ikuonyeshe imeishia kusoma wapi: pointa ikibaki palepale mwanzo ujue hakuna tarakimu iliyosomwa (hapo ndo --idadi= tupu inanaswa), na kama *mwisho sio '\0' basi kuna uchafu umebaki kama hiyo abc yako. errno ikiwa ERANGE (alama ya kutoka nje ya mipaka) namba imezidi long, aina ya namba ambayo strtol inarudisha. Ila usiishie hapo, kwenye Linux ya biti 64 long ni biti 64 na int ni 32, kwa hiyo 3000000000 inapita strtol vizuri tu halafu ukiimwaga kwenye int inageuka -1294967296, linganisha kwanza na INT_MAX na INT_MIN, yaani mipaka ya juu na ya chini ya int.

Besi (mfumo wa namba unaoipa strtol) weka 10, sio 0, maana 0 inaifanya ikisie yenyewe na namba inayoanza na 0 inaisoma kwa besi 8. Mi niliweka 0 nikajiona mjanja, mtu akaandika 010 kwenye skripti yake ikasomwa 8, nilihangaika jioni nzima. Na usikimbilie strtoul (ile inayorudisha namba zisizo na alama ya hasi) eti kuzuia hasi, hiyo inameza -1 na kukurudishia linamba la kutisha.