Kanipokonya simu, kisha akanipiga

SWALI: Wakili, habari? Nilikuwa nangoja matatu pale Muthurwa, kijana akanipokonya simu. Nilipomshika shati akanitwanga ngumi mdomoni, jino likalegea. Watu wakamkamata. Kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, polisi wameandika “wizi” tu. Ni sawa? – Mama Kevo, Kayole

JIBU: Si sawa, mama. Angekuchomolea simu mfukoni usihisi, huo ni wizi. Angekupiga kwa ugomvi tu, ni shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungo hadi miaka 5. Wako alipiga ili simu isirudi. Kifungu cha 295 kinaita hilo unyang’anyi, hata kama ngumi ilikuja baada ya simu kutoka mkononi. Tena kwa kuwa alikupiga, 296(2) yaweza kutumika, na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Ndiyo, kwa simu! Mimi naona imezidi, lakini hiyo ni kazi ya Bunge.

Rudi kituoni uandikishe taarifa upya, utaje ngumi na jino. Itisha fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, daktari aijaze kabla uvimbe haujashuka. Shtaka huamuliwa na mwendesha mashtaka, si askari wa kaunta.